Maelezo ya Mlalamikaji

Dawati la jinsia, Kirumba. Chumba hakina feni.
Dirisha linatazama upande wa Mwaloni
na harufu ya dagaa huingia bila kupiga hodi.
Mimi ndiye mwandishi. Mwaka wa kumi na moja ninaandika.
Fomu ina mistari ishirini na minne
na mwanamke aliye mbele yangu ana neno moja:
"Alinigusa."

Milembe Lugembe, anaanika dagaa Igombe, anauza Mwaloni.
Magamba yamemkaukia viganjani,
anayabandua moja moja
kama mtu anayehesabu deni la mwenzake.

Alinigusa. Sisi watu tunaguswa na mengi:
msiba hutugusa, kwaya ya Pasaka hutugusa,
bei ya mafuta ya taa ikipanda inatugusa.
Sheria haipokei neno tupu namna hiyo.
Inataka wapi, kwa kitu gani, nguo ilikuwaje,
inataka kujua kama kuna kilichoingia, hata kidogo,
maana hata kidogo, kitabuni, ni kubaka;
kisipoingia, kosa lina jina lake jingine;
na mtoto, hata akisema ndiyo, ndiyo yake si ndiyo.
Namwuliza. Polepole.
Naichukia sauti yangu inapouliza.

Sokoni wana kamusi yao.
Wachuuzi husema "kamzoea tu".
Bujiku mwenye mizani huita nyongeza:
nikuongezee sado, nawe uniongezee.
Mama mkwe aliita mkosi.
Mwenyekiti wa mtaa aliita jambo la kuzungumzika,
akataja na kiasi.
Shangazi hakuliita chochote,
alichemsha maji, akamwogesha kama mzazi aliyetoka kujifungua,
na alama zikaenda na povu.

"Mkono," anasema Milembe. Anatazama ukuta.
"Ndani ya kitenge. Nyuma ya magunia.
Nilimwambia niache, mara tatu.
Ya tatu niliisema kwa Kisukuma,
sijui kwa nini, yeye hakijui,
labda nilikuwa namwambia mama.
Akacheka.
Halafu akapima gunia langu, akaandika kilo."

Mstari wa kumi na saba unauliza: kulikuwa na ridhaa?
"Ridhaa ndiyo nini?"
Natafuta. Kamusi iko kabatini, na kabati lina funguo kwa mkuu.
Namwambia, ni pale unapompa mtu kitu
na mkono wako haukushikwa.
Anafikiri kwa muda mrefu, gamba likiwa katikati ya vidole.
"Basi ulishikwa. Ulishikwa tangu asubuhi.
Mizani ni yake, bei ni yake,
na ada ya mtoto ilikuwa imeshapita tarehe.
Hapo nani alikuwa hajashikwa?"
Naandika: Hapana, hakuridhia.
Nasikia jinsi sentensi yangu ilivyo fupi.

Juu, penye kosa, natia herufi kubwa:
SHAMBULIO LA AIBU.
Ananiomba nimsomee yote. Namsomea.
Anatikisa kichwa mpaka mwisho,
kisha ananirudisha juu kwa kidole.
"Hiyo aibu. Aibu ya nani?"

Mafaili mangapi nimeyafunga kwa kamba,
wangapi wameinuka katika kiti hicho
wameivaa, wakatoka nayo kichwani kama mtungi,
na sijaulizwa.
"Ya kwake," nasema.
"Basi andika."
Fomu haina nafasi hiyo, namwambia.
Hajibu. Hasogei.

Nikaiandika pembeni, kwa herufi ndogo,
ya mshitakiwa,
mkuu akiuliza nitajua la kusema, au sitajua.

Nikamsogezea kidau cha wino wa dole gumba.
Akakisukuma pembeni,
akaomba kalamu, akaandika jina lake lote,
l ya mwisho akaivuta mpaka ikatoka nje ya mstari.

Upande wa Ukerewe wingu lilikuwa limeshika.
Dagaa wake wako chanjani, amemwachia jirani,
na jirani huyo, alisema akifunga kitenge upya,
mvua ikinyesha huwa anaanza na za kwake.