Uga wa Saba

Seva imekalishwa juu ya sanduku la glovu
katika chumba cha dawa, kituo cha afya, Faza,
feni yake ikilia kama nyenje aliyefungiwa chupani.

Nimetumwa niipangie nyuga,
ripoti ipate kufika Amu kila alfajiri.
Kwa lugha ya kazi yetu kisanduku hiki huitwa uga,
ingawa punda mmoja hapati hata pa kugeukia.

Wa kwanza: Prosesa, kwa asilimia.
Wa pili: Kumbukumbu. Si ya mababu,
ni ile inayosahau yote ukizima swichi.
Wa tatu: Diski, kilichojaa na kilichobaki.
Wa nne: Joto. Hapa niliteleza,
nikaandika Maandishi palipotakiwa Namba,
na mashine ikaisoma thelathini na moja
kama jina la mtu; ikakataa kutafuta wastani.
Wa tano, Mtandao. Wa sita, Saa za Kuwa Macho.

Kila dakika tano, pima. Kila saa, jumlisha.
Ikizidi tisini, paka nyekundu.
Bwana Famau wa ofisini hapendi nyekundu.
"Nataka ripoti," aliniagiza, "inayosomeka kabla ya chai."

Wiki ya kwanza mstari ulipanda na kushuka kwa adabu:
asubuhi wagonjwa wakiandikishwa, unapanda,
adhuhuri unajilaza.
Ila usiku wa Jumanne, saa tisa na dakika kumi,
pengo.

Si sufuri. Sufuri ni jibu.
Hapa hapakuwa na wa kujibu.
Dakika arobaini, kisha ikarudi
kama mtu aliyetoka barazani bila kuaga.
Jumatano, salama. Alhamisi, pengo tena,
saa moja na nusu.

Nikashuku betri. Nikashuku panya.
Nikamshuku fundi aliyenitangulia,
ambaye waya zake zimesukwa kama ukili.
Mwisho nikalala mumo humo, juu ya makatoni ya sindano,
shuka hadi puani kwa ajili ya mbu.

Aliingia bila kuwasha taa,
Mwanashee, muuguzi wa zamu, kandambili mkononi,
akaing'oa plagi yangu kama ang'oaye mwiba,
akachomeka waya mrefu uliotokea wodini,
na upande wa pili wa ukuta
mashine ya oksijeni ikaanza kukoroma.

Hakushtuka kuniona.
"La wodini limeungua tangu Shaabani.
Nimeandika barua tatu. Tundu ni moya."

Sikuwa na la kusema. Nilisikiliza
pumzi fupi, pumzi fupi, pumzi,
kifua kidogo kisichopimwa
na uga wangu hata mmoja.

Asubuhi nikaongeza wa saba: Sababu.
Aina, maandishi. Ukomo, herufi ishirini;
mfumo ule bahili, hauzidishi.
Nikaandika Muuguzi alichomoa. Nikafuta,
ningemtia mwana wa watu matatani.
Nikaandika Hitilafu ya umeme,
uongo uliovaa kanzu. Nikafuta.
Kisha nikaandika kama alivyonena,
na moya yake nikaiacha:

Tundu moya la umeme

Herufi kumi na tisa, ukihesabu na nafasi.
Ikabaki moja. Nikaweka nukta.

Kabla ya chai simu ikaita.
"Ripoti nimeipata, nzuri," akasema Bwana Famau.
"Ila hapo kwenye uga wa saba,
rekebisha tahajia."