Sehemu ya Tisa

Chilewa wa kibandani, pale Majengo nyuma ya soko,
alinionya kabla hajachomeka flashi:
"Dada, hii haina mwisho. Wenyewe waliikatisha."
Nikampa elfu mbili yake. Weka tu, nikasema.

Kazi yangu ni kuchapa maneno ya Bunge.
Kutwa, masikio yamezibwa na vidude,
nasikiliza watu wanaojua kumaliza:
naunga mkono hoja, naunga mkono hoja,
na makofi, ambayo nayo nayachapa, kwenye mabano.
Jioni nawataka wasiojua wataishia wapi.

Basi tunakaa, mimi na mama mkwe,
dirisha tumeliziba kwa khanga, vumbi la Agosti lisiingie,
karanga katikati yetu,
na okestra ya mji fulani wa barafu
inagombania pesa za kupasha ukumbi joto.
Mama hasomi maandishi ya chini. Ya nini?
Mpiga fidla wa mbele, ameshahukumu, ni mwizi wa waume:
"Mtazame anavyofunga sanduku."
Yeye yuko upande wa yule binti mnene
mwenye zeze lililokula likashiba
hata halibebeki begani, limekalishwa chini kama mgeni.
Kaka yake kule Mvumi alikuwa na la nyuzi mbili,
kibuyu na ngozi ya kenge.
"Linalia vilevile," anasema. "Ila hili limesomeshwa."

Msimu wa kwanza tuliumaliza kwa siku nne,
kama watoto walioachiwa kopo la sukari.
Wa pili tukaubania. Sehemu moja kwa usiku,
kisha nusu,
kisha tukawa tunarudia majina ya mwanzoni
ili tu tusifike.

Tukafika.
Ukumbi umejaa, kondakta ana homa,
mkataba uko mezani haujatiwa saini,
binti anainua upinde,
anavuta pumzi, tuliisikia,
halafu kioo kikawa cheusi.

"Umeme," mama akasema, akipapasa kiberiti.
Lakini friji ilikuwa ikinguruma jikoni,
sauti moja tu, ya chini,
kama mpiga besi ambaye hajapewa taarifa.
Ikabidi nimweleze: watazamaji walikuwa wachache, wakaifuta.
Akacheka mpaka karanga zikamwagika.
"Wachache? Kwani sisi si tupo?"

Tumeirudia mara tatu tangu hapo.
Kila mara nasahau kuhuzunika.
Kuna usiku naisimamisha palepale kwenye pumzi,
nakwenda kuosha vyombo,
nikijua upinde uko juu sebuleni,
mkono haumchoki, noti haijakosewa bado.

Na jana, nikiwa jikoni,
nimemsikia mama kwenye simu na shoga yake Nyemo,
anamsimulia sehemu ya kumi.
Binti amelipwa. Mwizi wa waume kaumbuka.
Kuna ng'ombe, sijui wametokea wapi.
Nikafunga bomba, taratibu,
nisikie vizuri.