Mvua Ndani ya Mkono

Mashine imefika Mbale kwa mkopo, siku mbili tu,
na jenereta inanguruma nyuma ya chumba cha mazoezi.
Khaukha ameketi, mkono wa kulia mapajani
kama kitu alichopewa ashike, na mwenyewe hajarudi.

Miezi minne. Gunia la kahawa, tope la Budadiri,
mfupa ukavunjika juu ya kiwiko. Mfupa umeunga.
Kiganja bado kinaning'inia. Akikusalimu, mulembe,
anauinua mkono kwa ule wa kushoto
na kukukabidhi.

Nafuta ngozi kwa spiriti, nabandika vijisahani,
napima kwa futi ya fundi cherehani
kutoka hapa hadi hapa.
"Utasikia kitu kikikupiga."
Anacheka: "Mimi nilisimama mbele ya kisu cha imbalu,
ukope haukutikisika."
Nabonyeza. Kidole gumba kinaruka.
Ananitazama kwa haya.
"Si wewe uliyeruka," namwambia, "ni neva.
Kijijini hawatajua."

Neva ya pili, ile inayouzunguka mfupa:
nabonyeza, naongeza, naongeza.
Mstari kiooni umelala
kama barabara ya Soroti saa nane mchana.

Ndipo sindano. Chini kidogo ya kiwiko, taratibu.
Spika inaanza: ta-ta-ta-ta,
matone juu ya bati.
"Mvua?" Anageukia dirishani.
Nje jua limeuwasha mwamba wote wa Wanale.
"Ni msuli wako. Tangu mfupa uvunjike
hakuna aliyeutuma kitu. Unajisemea wenyewe."

"Sasa kunja kiwiko, gumba juu. Usiibe kwa bega."
Jasho. Bati lile lile.
Kisha, katikati ya mvua:
tok.
Naongeza sauti. Tok, tok,
mlio mdogo, mkorofi, wenye mikunjo mingi kiooni,
kama saini ya mtu aliyezoea kupiga dole.

Neva huota milimita moja kwa siku,
siku nyingine hata hiyo haifiki.
Anauliza kama kiganja kitaamka kabla kahawa haijaiva.
Nachukua futi, napima tena, nahesabu miezi,
simwambii yote.

Nachomoa sindano, naweka pamba.
Mlangoni mama wa kisukari anasubiri na miguu yake ya ganzi,
na mafuta ya jenereta yanakwisha.
Khaukha hajavaa shati.
"Choma tena," anasema,
"nisikie."