Vitundu

Mimi hushona kofia. Tangu ujanani
sindano hutoboa, uzi huzunguka ukingo,
na katikati hubaki wazi, pumzi ipite,
kichwa cha mwenyewe kisifuke moshi.
Kitundu kikizibika, kofia imeharibika.

Leo Barke ameniwekea mapajani karatasi
yenye vitundu mia mbili, A, B, C, D,
safu kwa safu, kama kofia iliyokatwa
kwa kipimo cha mtu asiye na kichwa.
"Hivi, baba," asema, "ni vya kuzibwa."

Basi twaziba. Penseli ya HB, ncha butu kiasi,
usitoke nje ya duara, usikandamize,
mashine haina subira wala haisomi nyuso.
Miaka sita nimemfunza hapa dakani
kwa kuwa kifua chake hakipatani na vumbi la chaki,
na sikuwahi kumuuliza swali
nikiwa na majibu manne tayari mfukoni.

Swali la kumi na mbili:
taa nyekundu ya barabarani ikiwaka, dereva afanye nini?
Barke atazama nje. Punda wa Mbwarahaji
amesimama katikati ya njia na mawe yake ya kujengea,
hana taa, amesimama kwa kuwa amechoka.
"Ashuke amwambie pole."
Jibu hilo halimo. Namwambia, chagua C, asimame.
"Kwani C ni kweli?"
C ni sahihi, namwambia,
na naona nilivyolikwepa swali,
naye ameona.

Kisha Kiswahili. Hapo nilidhani tutapumzika.
Insha: Mtu Anifurahishaye. Ameandika:
*Nyanya yangu ana mato mazuri.
Yana alinipa mai ya baridi nikanwa,
akaninong'oneza neno
nikateka mpaka mbavu zikaniuma.*

Nikashika kalamu nyekundu, mimi mtoto wa Amu,
niliyelishwa lugha hii pamoja na uji,
nikaandika juu ya mato, *macho*.
Juu ya yana, *jana*. Juu ya mai, *maji*.
Kwenye nikateka mkono ukasita.
Msahihishaji, huko aliko, ataona mtoto na ndoo kisimani,
au mbaya zaidi, mtoto aliyemteka nyanyake
na sasa anadai fidia.
Nilipomweleza, Barke akateka.
Akateka hasa, kwa ile t yake laini, ulimi ukigusa meno,
hata pumu ikamkumbuka,
nikatupa kalamu, nikamshika mgongo, tukahesabu
pumzi: moya, mbili, tatu.
Sikusahihisha.

Mamangu yumo ndani, hatumwoni, husikia yote.
"Mwamtia lugha au mwamtoa?"
"Twamwongeza nyingine, mama."
"Ina lake ni lipi, hiyo nyingine?"
"Kiswahili."
Akanyamaza, nao ulikuwa unyamavu mrefu sana.

Jumatatu ataingia skuli ile ya Langoni
iliyokubali kumwandikisha,
ataketi kati ya watoto wanaojuana tangu chekechea,
wanaojua nani huazima ufutio na harudishi.
Sare kashonewa na shangazi yake, mikono mirefu kidogo.
Nimetia mkobani penseli mbili, kichongeo,
dawa ya kuvuta, na kitambaa cha kufutia jasho.
Nimemfunza kuinua mkono akitaka kwenda chooni,
jambo ambalo hapa nyumbani
halijawahi kuhitaji ruhusa ya mtu.
Mimi nitaishia langoni. Wazazi hawaingii.

Sasa amelala. Nasahihisha zoezi la mwisho
kwa taa ileile ninayoshonea.
Hesabu, thelathini na nane kwa arubaini,
na zile mbili kakosa kwa haraka, si kwa ujinga.
Sayansi, sawa. Kingereza, kimenishinda mimi, si yeye.
Kisha swali la kumi na mbili.
Vitundu vinne, vyote vyeupe.
Si kwamba hajui. Alama ya ufutio naiona pale kwenye C:
aliziba, akafikiri, akafungua.

Ni alama moja.
Asubuhi nitamwambia aizibe.
Au nitasahau.