Nyuma ya Bahasha ya Umeme

Niliandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme
kwa kalamu ya depo, ile inayoandika ikipenda:
makumbusho, treni ya chini, soko la mitumba,
makaburi ya kilimani, aiskrimu, mto.
Mambo sita, siku tatu. Nikayapanga
kama kocha apangaye mechi na timu hana.

Ijumaa usiku akashuka kwenye basi la Leeds,
Arafa, miaka tisa, begi pana kuliko mgongo,
na mkononi karatasi ya mama yake:
asile karanga, alale saa tatu, asilowane.
Tukapeana mikono. Mikono, mimi na mwanangu,
kama watu waliokutana benki.

Jumamosi tukaenda kumwona ndovu.
Amesimama ukumbini, ngozi tupu na macho ya kioo,
na si mbali naye ndege ya vita imening'inizwa
kama nzi aliyesahauliwa na buibui.
"Baba, huyu ametoka kwenu?"

Kwenu, alisema. Herufi moja tu,
n mahali pa t,
na ukumbi mzima ukapanuka kati yetu.
Nikainama, nikajifanya nasoma kibao.
Wa Asia, nikamjibu.
Huyu ni mgeni wa watu wengine.

Treni ya chini ya Glasgow haina inakokwenda:
huzunguka duara, hurudi ilikoanzia.
Tulizunguka mara mbili, yeye akihesabu vituo,
mimi nikitafuta neno la kufungulia mlango.
Mzunguko wa tatu akasema ana njaa.
Nikaishukuru njaa. Inajua kuongea.

Jumapili, mvua.
Si ile niliyokulia, inayogombana na mabati
kisha ikaenda zake imeshinda;
hii husengenya, hunong'ona,
hukuingia shingoni ukidhani ni ukungu.
Sokoni nikamnunulia viatu vya magurudumu, pauni nne,
gurudumu moja halizunguki, muuzaji akaapa litazunguka.
Kwa wafu wa kilimani hatukufika.
Arafa aliteleza kwenye nyasi, akashuka kwa makalio
na koti lake la njano, suruali, soksi, vyote,
akacheka, akanitazama, akaacha kucheka.
Mimi nilikuwa naikumbuka karatasi.

Basi Jumatatu, siku ya mto na aiskrimu,
tulikuwa duka la kufulia la Bi Nasreen, Govanhill,
yeye ndani ya sweta langu, mikono imemezwa,
tumekaa mbele ya kile kidirisha cha duara.
Koti likapita. Likapita tena.
"Ni kama ile treni," akasema.
Kisha akaanza, hata sijui nani alimwomba:
jino linalotikisika; mwalimu anayenuka vitunguu;
Colin, ambaye hukata mkate kwa mkasi.
Colin ni nani?
"Wa mama." Akatikisa jino kwa ulimi.
"Mkate haukatiki vizuri."
Nikalitazama koti.

"Kwa nini wewe unaosha mabasi usiku?"
Kwa sababu mchana yana watu.
Akafikiri mzunguko mzima.
"Na hili la leo? Uliliosha?"
Labda, nikasema. Tafuta kiti kisicho na bazoka.

Bi Nasreen akatuletea chai ya maziwa, hakudai senti.
Mashine ikatetemeka, ikanyamaza.
Arafa akaweka shavu kwenye kioo kilichokuwa na joto bado
na akaniambia, kwa Kiswahili chake kilichokatika mkia,
"Baba, tia pesa ingine."
Nguo zilikuwa safi.
Nikatia.

Basi la saa kumi na moja lilimchukua.
Kituoni hatukupeana mikono,
lakini hilo sitaliandika.
Wikendi ndefu nyingine, mama yake amesema, ni Agosti.
Bahasha iko mlangoni pa jokofu,
mto haujakatwa, aiskrimu haijakatwa,
na kwenye chupa ya jamu, kando ya gurudumu
nililolifungua ili nilitie grisi,
nimeanza kuweka sarafu.