Mstari wa Nne

Mama alijifunza kuandika mimi nikiwa mgongoni,
kisomo cha jioni, darasa la udongo pale Usoke,
karabai moja kwa watu arobaini.
Mwalimu aliandika shairi ubaoni, mistari minne.
Mama akanakili mitatu. Mafuta yakaisha.

Karatasi hiyo ndiyo urithi wangu,
hiyo na jembe lisilo mpini.
Hukaa kwenye mkebe wa chai, pamoja na risiti za chama:

    Moto ukila kibanda, haujala na mikono,
    Mbegu moja ukipanda, usiulize mavuno,
    Mlima ni wa kupanda, haupandwi kwa maneno,

halafu weupe.

Zamani nilikuwa nikicheka. Mlima gani, Usoke hii,
tambarare mpaka Kaliua,
ukipanda kichuguu unaona treni kabla haijapiga honi?

Kisha bani likaungua.
Usiku wa Jumanne, tumbaku ya msimu mzima ikining'inia ndani,
mbolea yake bado ya mkopo.
Asubuhi nilikaa juu ya tofali lenye joto
nikatazama mikono yangu, mbele, nyuma.
Ilikuwepo.

Mwaka ule mstari wa nne niliujaza mwenyewe,
nikihesabu mizani kwa vidole:

    Mungu, nani wampenda, kwangu ukitoa meno?

Mwaka uliofuata mume wangu akaenda Mpanda kuchimba dhahabu.
Wiki mbili, alisema, akabeba na redio.

    Mihayo, ulikokwenda, pakuchome kwa sindano.

Huo niliurudia palizi nzima. Palizi iliisha mapema.

Wa tatu niliuandika kwa penseli, mkono haukutetemeka:

    Karani, mifuko kenda nimelipa, bado tano.

Si ushairi, najua.
Lakini vina vilikaa, na usiku huo nilipika ugali nikaula ungali moto.

Watu huniuliza nilishika nini. Naona haya kusema karatasi.
Shairi halikulipa mbolea. Halikuezeka bani.
Tena lenyewe linakiri kwamba maneno hayapandi mlima,
nami nilipanda nikiyatafuna hayo hayo,
kama mtoto na kapi la muwa:
utamu umekwisha, hatemi.
Labda ni ule weupe.
Kila siku ilipokuwa mbaya, palikuwa na mahali pa kuiweka.

Jana Kalunde alipiga simu kutoka chuo cha uuguzi, Tabora mjini.
Ada. Mtihani alioanguka. Anataka kurudi nyumbani.
Sikuwa na pesa, na hekima ilikuwa pungufu kuliko pesa.
Nikafungua mkebe, nikamsomea polepole, aandike.

Kimya. Nikasikia kalamu ikisimama.
"Mama, mbona mitatu? Wa nne uko wapi?"

Nikageuza karatasi kwenye mwanga wa dirisha.
Penseli niliyoifuta mara nyingi
imeacha pale kivuli, kama jasho kwenye kola.

"Mafuta yaliisha," nikamwambia.
"Kalamu yako ina wino?"