Kisogo cha Tangi

Jumamosi, Poruba, ghorofa ya sita,
theluji imebandika karatasi yake dirishani,
nami nimemletea baba kadi nne za manila
zilizofungwa kwa mpira wa nywele:
nyeupe, samawati, kijivu, nyeusi.
"Chagua," namwambia. "Tangi haliwezi kukaa kisogo wazi,
nyaya zote nje kama utumbo wa kuku."

Bohumír, mchimba makaa miaka thelathini na mmoja,
anavaa miwani juu ya miwani,
anakohoa kwanza, ndipo anaangalia.

Tulianza na nyeupe.
Maji yakawa chapwa kama mchuzi wa wageni wengi.
Tukanywa chai. Kufika nusu ya kikombe
tetra walikuwa wamepauka,
utepe wao mwekundu umefifia kama lebo ya chupa kuukuu.
Samaki, alisema baba, huiga ukuta walioupa mgongo.
"Wanaogopa. Toa."

Samawati niliichagua mimi.
Nilitaka bahari, sisi tusio na bahari.
Yeye aliona vigae vya wodi ya pili
alikolala mama, Otýlie, siku kumi na tisa
akiuliza kama kuna aliyewalisha samaki.
Hakusema. Aliilaza kadi mezani, uso chini,
kama mtu anayeficha karata mbovu.

Kijivu: "Hiyo ninayo dirishani bure."

Ikabaki moja.
Niliishika nyuma ya kioo bila kumtazama,
maana najua anachokijua yeye juu ya nyeusi:
aliila, aliikohoa,
alioga na bado akaikuta masikioni,
mama aliifua shuka baada ya shuka
na mto ukabaki na alama ya kichwa chake,
duara la masizi.
Dukani kijana aliniapia: nyeusi, mama, nyeusi tu,
kijani kitaruka.
Sikumjibu. Angejuaje.

Na kweli kiliruka.
Kangaga lililong'ang'ania gogo
likajitenga na giza jani kwa jani,
nyasi ndefu zikapata ncha,
uduvi, ambao siku zote nilidhani ni sita,
wakawa kumi na mmoja.
Tetra wakarudishiwa nyekundu yao.

Baba akavua miwani, ya juu, kisha ya chini.
Nikaanza kuondoa kadi.
"Acha."

Akasogeza kiti.
"Kule, mita mia nane chini, karibu na pampu,
palikuwa na taa isiyozimwa.
Mwaka mmoja pakaota kitu ukutani chini yake.
Kangaga. Dogo, kama ukucha wa mtoto.
Sijui liliingia na kiatu cha nani.
Tulilinywesha chai iliyopoa.
Msimamizi akipita, Hynek alisimama mbele yake,
mpana kama kabati.
Tulikuwa watu ishirini na mmoja
na hakuna aliyelipandisha juu kwa mdomo,
hata kwa wake zetu."

"Hata kwa mama?"

Alikuwa akihesabu uduvi.
"Kumi na wawili," akasema. "Mmoja yuko chini ya gogo."

Hiyo ilikuwa Januari.
Tulilivuta tangi shubiri moja kutoka ukutani,
akakataa katakata nimshikie brashi,
akapaka kioo kwa nje, kuanzia kushoto,
taratibu, akipumzika, akilaani kwa upole
majina ya watu nisiowajua.
Kulia kabisa mkono ulichoka.
Ukabaki mwanya wa vidole vitatu
ambamo unaonekana ukuta wenyewe,
karatasi aliyoibandika mama mwaka niliozaliwa,
maua ya rangi ya damu ya mzee.

"Nitamalizia kesho," alisema.

Sasa ni Aprili, na reli za tramu zimekauka.
Brashi imegandia ndani ya mkebe.
Kila nikija nakuta konokono yuleyule
kajibandika kwenye mwanya,
analamba kioo polepole
juu ya ua moja, kisha la pili.